Maji Katika Bakuli la Ushindi

Nakumbuka Jumamosi moja ya vumbi pale Chuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka mguu huu wa kulia husisimka. Usicheke. Mguu huu unaouona ukiburuta kandambili kutoka jikoni hadi zizini uliwahi kuimbwa na wasichana wa chuo kizima. Keti, na upunguze hiyo redio, nikueleze vizuri.

Miaka ile bendera yetu ilikuwa bado mpya, nami nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja cha ualimu upande wa Meru. Mpira wa vyuo ulikuwa na utaratibu wake. Ligi ikiisha, mabingwa wa upande wetu walikutana na mabingwa wa upande wa Embu mara moja tu, pale Chuka ambapo ni katikati, kushindania bakuli la fedha. Hatukuliita kombe, maana lilikuwa bakuli hasa, pana, lenye masikio mawili, na ungeweza kupakulia githeri, mahindi na maharagwe, ya nyumba nzima. Chuo chetu kilikuwa hakijawahi kulileta nyumbani. Mimi baada ya mechi ile nilikuwa naenda kufundisha, kwa hivyo kwangu ilikuwa siku hiyo au basi.

Babu yangu alitoka Kianjai kuja kunitazama. Mpira hakuujua. Alisimama karibu na mstari, blanketi begani na fimbo mkononi, akauliza kwa nini vijana wazima wanagombania kitu kimoja halafu kila anayekipata anakipiga teke. Nilimwambia atazame tu, ataelewa. Moyoni nilitaka sana aelewe, kwa sababu yeye ndiye aliyenilea.

Ilikuwa desturi timu zote mbili kula pamoja kabla ya mechi. Mimi niliketi na golikipa wa Embu, kijana mrefu aliyeitwa Njeru, mtoto wa nyanda kavu za Mbeere, mcheshi ambaye ungesahau kwamba ni adui. Babu alipokuja kutusalimia hakumuuliza habari ya mpira. Alimuuliza kama wazee wa kwetu wanavyouliza: wewe ni wa nani, na baba yako ni wa ukoo gani? Njeru akamjibu. Babu akaushika mkono wake na hakuuachilia.

"Kirimi," akaniambia, "huyu ni gichiaro chetu."

Nyinyi watoto wa siku hizi gichiaro mnakisikia kwenye hotuba tu, kwa hivyo ngoja nikufafanulie. Ni undugu wa kiapo. Zamani, wazee wa ukoo wetu na wazee wa ukoo wa kina Njeru walikula nyama pamoja, wakaapa kuwa kitu kimoja, wao na vizazi vyao. Aliye gichiaro chako humdanganyi wala humwagi damu yake. Na akikuomba kitu, humnyimi, hata kikiwa ng'ombe wako wa mwisho. Anayevunja kiapo hicho, laana yake haichagui nyumba. Tulikuwa tumesoma, mwanangu, tulikuwa tunaenda kanisani, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kulifanyia jambo hilo mzaha.

Au nilidhani hakuna.

Mechi ilikuwa ngumu. Wao walitangulia, sisi tukasawazisha, na jua likaanza kuelekea milimani tukiwa bado sare. Halafu beki wao akamkwatua Kobia, nahodha wetu, ndani ya eneo la hatari, na refa akapuliza filimbi. Penalti. Mpigaji penalti wetu nilikuwa mimi, na msimu ule wote sikuwa nimekosa hata moja.

Niliuweka mpira. Njeru akatoka golini akaja mpaka niliposimama, kana kwamba anakuja kunipa mkono. Alikuwa anatabasamu.

"Gichiaro," akasema polepole, "niambie. Utapiga upande gani?"

Nikimdanganya nimevunja kiapo. Nikinyamaza nimemnyima alichoniomba, na huko ni kuvunja vilevile. Kobia alikuwa nyuma yangu, naye ni Mmeru kama mimi, alielewa mara moja. "Mdanganye," akaninong'oneza. "Huu ni mpira, Kirimi, si baraza la wazee." Nilimtafuta babu kwa macho. Alikuwa mbali, amejifunga blanketi lake, hajui kinachosemwa.

"Upande wa kanisa," nikamwambia Njeru, nikielekeza kidevu kwenye kanisa lililokuwa kando ya uwanja.

Nikapiga upande wa kanisa. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, chini kabisa, pembeni, mpira ambao siku nyingine yoyote ungekuwa wavuni. Njeru aliruka kabla sijaugusa. Akaudaka, akaukumbatia kifuani. Kabla hatujatulia wakaupeleka mbele na kutufunga, na mechi ikaishia hapo.

Nililia, sitakuficha. Nililia kwa hasira mbele ya wasichana wale wale walioniimba. Watu wa Embu walimbeba Njeru juujuu, akiwa ameshika bakuli kwa masikio yake mawili, na mkuu wa chuo chao akipiga makofi kama mtoto. Ndipo Kobia aliponishika bega. Macho yake yalikuwa yanang'aa, na si kwa machozi.

"Kirimi, wewe mjinga? Kiapo si cha upande mmoja. Nenda umuombe lile bakuli. Hawezi kukukatalia."

Wenzangu wote wakaelewa. Wakaanza kunisukuma, nenda, nenda, muombe sasa hivi mbele ya watu. Na mimi, mwanangu, nilifurahi. Nilifurahi vibaya. Niliona sura ya Njeru itakavyokuwa, na utamu wa kuiona ulikuwa mwingi kuliko utamu wa bakuli lenyewe. Nikakaza mwendo. Fimbo ya babu ikanizuia kifuani.

"Unakwenda wapi na uso huo?"

Nikamweleza yote, swali la Njeru na jibu langu, na ninachokwenda kuomba. Nilidhani atasema nina haki. Kweli, haki nilikuwa nayo. Babu alisikiliza mpaka mwisho, halafu akatema mate pembeni.

"Yule kijana amefanya upumbavu," akasema. "Wazee hawakuapa ili watu waibiane michezo. Sasa wewe unataka kumjibu upumbavu kwa upumbavu mkubwa zaidi? Sikia. Ukimwomba mtu asiyeweza kukukatalia kitu kitakachomvua nguo mbele ya watu wake, hujaomba. Umenyang'anya. Tofauti yako na mwizi wa ng'ombe ni kwamba mwizi huogopa."

Aliondoa fimbo akaniacha nipite. Hilo ndilo lililonitesa, kwamba hakunikataza.

Watu wa Embu waliponiona nakuja hawakujua nafuata nini. Njeru alijua. Aliteremka mabegani mwa wenzake, akasimama amelikumbatia bakuli, na tabasamu lake lote limekauka. Midomo ilikuwa imebabuka kwa vumbi. Alikuwa ameelewa alichonifanyia, na alikuwa anangoja alipe. Kama ningelitaja bakuli angenipa, palepale, mbele ya mkuu wake na wenzake wote, na angerudi Mbeere akiitwa mtu aliyegawa ushindi wa chuo.

"Gichiaro," nikamwambia. "Nina kiu. Nipe maji."

Akakimbia mwenyewe hadi kwenye mfereji wa bomba, akalijaza bakuli, akaniletea kwa mikono miwili huku maji yakimwagika kwenye viatu vyake. Nikanywa. Nikampa naye akanywa. Aliponirudishia aliniambia, "Nisamehe," kwa sauti ya chini ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. Kobia hakunisemesha mpaka tulipofika chuoni.

Tulipomaliza masomo mimi nilipangiwa shule huko Kibirichia kwenye baridi na viazi, Njeru akarudi kufundisha kwao. Alipokuja kunitembelea, pale mlangoni hakuomba chai. Alisema, "Nipe maji." Nami nikienda kwake, hivyo hivyo. Mwaka wa ukame mkubwa alifika amekonda, shati linamning'inia, nikajua kwake hakuna chakula. Aliomba maji tu. Akanywa, akashukuru, akaanza kuulizia watoto. Nilimpakilia magunia ya viazi mpaka lori la kumrudisha likalalamika, na hakuna kati yetu aliyesema lolote juu yake. Undugu ukifika hapo, mwenzako hangoji uombe.

Mara ya mwisho nilimkuta kitandani. Mwanawe alikuwa ameniambia baba hazungumzi tena. Niliketi kando yake, akafumbua macho, akanijua. Midomo ilikuwa imekauka kama siku ile ya Chuka. "Maji," akasema. Nikamwinua kichwa, nikamshikia kikombe. Damu ni nzito kuliko maji, ndivyo wasemavyo, na mimi siwabishii. Lakini maji yale yalikuwa mazito.

Basi, mwanangu, chukua hili uende nalo. Maishani utakutana na watu wasioweza kukuambia hapana. Mmoja unaye tayari, ni mama yako, na nimesikia unavyomsukuma auze kile kishamba cha mwisho. Kesho atakuwa mfanyakazi wako, au msichana aliyekupenda kupita kiasi. Kwa watu hao usiombe kwa kipimo cha haki yako. Waswahili walisema ukipewa shubiri usichukue pima, nami naongeza kwamba hata ile shubiri, tazama kwanza uso wa anayekupa.

Nenda nyumbani, umsalimie mama yako. Mungu akujalie watu wasioweza kukunyima kitu, na akujalie moyo wa kuwaomba maji.