Maovu Manne ya Bwana Nyakati

Kwa miaka kumi na tisa, kila fundi aliyetoka katika chuo kile, awe wa mabomba, wa umeme au wa kuchomelea vyuma, alitoka akijua kusema kwa Kifaransa kwamba bibi mmoja mtukufu amepoteza mwavuli wake katika ukumbi wa muziki. Hakuna aliyewahi kukutana na bibi huyo. Walimaliza, wakapata kazi, wakaoa na kuolewa, wakasahau hata sura za walimu wao, lakini ukimshtua mmoja wao usingizini atakueleza habari za mwavuli bila kukosea.

Aliyewaambukiza ugonjwa huo alikuwa mwalimu mmoja mwembamba, shingo ndefu, suruali yenye mkunjo wa kukatia karatasi. Wenyewe walimwita Bwana Nyakati. Kuna wanaume wanaopenda mpira na kuna wanaopenda karata. Yeye alipenda nyakati za vitenzi. Ukutani mwa darasa alikuwa amebandika jedwali la nyakati kumi na nne, kwa kalamu za rangi tatu, na asubuhi alilifuta vumbi kabla hajasalimia mtu.

"Fundi asiyejua masharti ya wakati uliopita," alikuwa akiwaambia, "ni kipofu aliyeshika nyundo."

Wanafunzi waliiandika sentensi hiyo madaftarini wakidhani itatoka kwenye mtihani. Na kweli, ilikuwa inatoka.

Karakana ilikuwa hatua arobaini kutoka mlango wa darasa lake. Bwana Nyakati hakuwahi kuingia humo. Alisema vumbi la chuma linamdhuru kifua. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alimuuliza siku moja wakiwa mezani:

"Hivi, spana kwa Kifaransa inaitwaje?"

"Hayo ni maneno ya vichochoroni," akajibu. "Mimi nafundisha lugha."

"Haya. Na mimi nashona nguo, vitambaa sivijui."

Mwaka huo darasa la majokofu lilipata mwanafunzi aliyewazidi wenzake umri kwa miaka kumi na mitano. Alikuwa mama wa watoto wawili, mikono migumu, sauti ya chini. Alikuwa ametengeneza majokofu tangu usichana wake, na sasa alikuja kutafuta cheti cha kazi aliyokwisha kuifanya nusu ya maisha, kwa sababu siku hizi hata anayekujua anataka karatasi inayosema anakujua. Wenzake walimwita Dada Spana. Tajiri wake wa kwanza, mwenye karakana, alikuwa mgeni asiyejua neno hata moja la Kiswahili, kwa hiyo Kifaransa alikiokota sakafuni, pamoja na nati na misumari.

Kwenye mtihani wa kwanza alipata kumi na saba kwa mia. Akamfuata mwalimu ofisini.

"Mwalimu, mimi Kifaransa nakisikia."

"Kusikia hata mbuzi anasikia. Hapa nimekuuliza kitenzi cha kupoteza, katika hali ya masharti, nafsi zote sita. Umeacha patupu."

"Sijawahi kupoteza kwa masharti, mwalimu. Nikipoteza, napoteza."

Bwana Nyakati hakucheka. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika juu ya karatasi: Huna msingi.

Mwezi haukuisha, ukaja mtambo. Ilikuwa zawadi kutoka ng'ambo, mtambo wa kupozea wa kufundishia, mkubwa kama kabati la nguo la bibi harusi. Ulifuatana na fundi wake, mzee mwenye masharubu mazito na ovaroli iliyopauka magotini. Mkuu wa Chuo, mtu ambaye hakuwahi kuona kitu kipya bila kukifungia utepe, akaamuru sherehe. Hema likapigwa mbele ya karakana, viti vikavalishwa vitambaa, wageni mia mbili wakakaa. Bwana Nyakati akapewa kazi ya kutafsiri. Mkewe alikaa siku mbili akimbadilishia bitana ya koti.

Mzee wa masharubu hakuwa msemaji. Alisimama kando ya mtambo, akasema maneno machache ya haraka huku akielekeza kidole chini, kwenye kitako cha mtambo. Pale chini palikuwa na skrubu nne zilizopakwa rangi nyekundu. Skrubu hizo huushikilia moyo wa mtambo usichezecheze safarini, na lazima zifunguliwe kabla ya kuuwasha, la sivyo mtikisiko wote unakosa pa kwenda.

Sasa, katika lugha ile, neno la skrubu na neno la uovu husikika sawasawa. Anayeyajua yote mawili huamua kwa kutazama kidole kinaelekea wapi. Bwana Nyakati alijua moja tu, tena alikuwa amefumba macho, kama afanyavyo kila akionja lugha nzuri.

"Mgeni wetu anatuusia," akasema kwa sauti ya mimbari, "kwamba kabla ya kuanza, hatuna budi kuondoa maovu manne." Neno la wekundu alilisikia pia, lakini akaliona ni nakshi tu ya usemi, akaongeza: "Maovu mazito."

Hema zima likapiga makofi. Mkuu wa Chuo akaguswa hasa. Akasimama kuyataja maovu yenyewe: uvivu, utoro, ulevi. La nne likamgomea. Akatazama juu, akatazama viatu vyake, mwisho akasema ni kukojoa nyuma ya karakana. Makofi tena.

Mzee wa masharubu alitazama huku na huku, asielewe wanachoshangilia. Hapo mkono ukainuka nyuma kabisa.

"Samahani, Mkuu," Dada Spana akasema. "Anasema skrubu. Zile nne nyekundu pale chini. Zifunguliwe kwanza."

Mkuu akamgeukia mwalimu. Bwana Nyakati akafumbua macho. Akakiona kidole, bado kimeelekea chini. Akaziona skrubu, nne, nyekundu kama pilipili. Akajua. Lakini mbele yake palikuwa na watu mia mbili, na yeye alikuwa na koti lenye bitana mpya.

"Huyu," akasema polepole, "alipata kumi na saba."

Watu wakacheka. Dada Spana akashusha mkono. Mkuu akakata utepe, akabonyeza kitufe.

Mtambo ulikohoa, ukatikisika, kisha ukaanza kutembea. Kweli, ulitembea, hatua mbili kuelekea meza kuu. Bomba likapasuka kwa mlio, wingu jeupe la gesi likajaa hemani, na wageni waheshimiwa wakagundua kwamba bado wana mbio. Mzee wa masharubu peke yake ndiye aliyekimbilia upande wa mtambo, akavuta waya ukutani. Hakuna aliyeumia, isipokuwa Mkuu aliyepoteza kiatu kimoja na karatasi zote za hotuba.

Ikaundwa kamati. Watu watano walikaa wiki tatu, wakanywa chai nyingi, wakatoa ripoti ya kurasa kumi na moja. Chanzo cha ajali, ripoti ilisema, ni udhaifu wa wanafunzi katika lugha. Kamati ikapendekeza vipindi vya nyakati viongezwe kutoka vitatu hadi sita kwa wiki, na vinunuliwe vitabu vipya. Vitabu vikaja. Alikuwa bibi yule yule na mwavuli wake, safari hii kwa picha za rangi. Bwana Nyakati alipewa barua ya kumpongeza kwa tafsiri fasaha.

Aliipeleka nyumbani, akaiweka juu ya cherehani. Mkewe akaisoma.

"Wamekusifu."

"Ndiyo."

"Mbona umekaa kama mtu aliyefiwa?"

Akamweleza yote, mpaka pale alipofumbua macho na kukiona kidole. Mkewe alicheka kwa maovu manne mpaka akashika ubavu. Lakini habari zilipofika kwenye kumi na saba, akaacha kucheka.

"Mwendee huyo mwanamke," akasema.

"Nikamwambie nini?"

"Hilo utalijua huko huko. Ila usimwendee na koti."

Kesho yake, kwa mara ya kwanza, Bwana Nyakati alitembea zile hatua arobaini. Alimkuta Dada Spana amelala chali chini ya mtambo, na mzee wa masharubu amepiga magoti kando yake. Mzee alikuwa amebaki kungoja bomba jipya. Walikuwa wakiongea bila kukoma, yeye kwa Kifaransa kilichonyooka, Dada Spana kwa Kifaransa kilichovunjika kila kiungo, na kazi ilikuwa inakwenda.

"Siku ile," mwalimu akaanza, "nilikiona kidole."

"Najua, mwalimu," Dada Spana akajibu kutoka chini. "Nilikuona ukikiona."

Kisha mkono wenye grisi ukatokeza, umeshika tochi.

"Mulika hapa. Kushoto kidogo. Hapo."

Alimulika mpaka saa sita. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Mzee alipoelezwa mkasa wa maovu manne, alikaa juu ya sanduku la vifaa akacheka mpaka masharubu yakalowa. Katika wiki tano Bwana Nyakati alijaza kijitabu kizima: valvu, mkanda, beringi, uzi wa skrubu, kutu. Hakuwa mwanafunzi mzuri. Alisahau, akachanganya, akaona haya kuuliza mara ya pili. Siku moja hakujizuia, akamsahihisha Dada Spana kitenzi.

"Lakini mzee amenielewa?" Dada Spana akamuuliza.

"Amekuelewa."

"Basi nipe koleo."

Mwalimu aliandika barua kwa Mkuu wa Chuo akikiri kosa lake, neno kwa neno. Mkuu akamjibu kwa upole kwamba ripoti imekwisha kupigwa chapa, nakala mia mbili, na ukweli mpya hauna bajeti.

Muhula uliofuata mwalimu aliwahamishia wanafunzi karakanani. Mtihani ukawa hivi: hili hapa jokofu bovu, lifungue, nieleze kwa Kifaransa lina nini. Ofisi ya mitihani ilirudisha orodha ya maksi kwa kuwa hakuna safu ya kitu hicho. Akaziandika zile zile chini ya kichwa cha Nyakati, zikapita bila swali. Dada Spana alipata themanini na moja. Zile kumi na tisa alizokosa zilikuwa za vitenzi. Mtu haachi dini yake yote kwa siku moja.

Alipopata cheti, Dada Spana aliajiriwa kwenye ghala la samaki. Ijumaa moja akampigia mwalimu simu.

"Mwalimu, tumeletewa mtambo mpya. Kusema nasema, lakini kitabu chake kinanishinda. Kimejaa yale mambo yako."

Jumamosi Bwana Nyakati alikwenda, bila koti. Akakaa juu ya kreti tupu, akamsomea kitabu ukurasa kwa ukurasa. Walipofika ukurasa wa tisa, Dada Spana akamkatiza.

"Hapo. Valvu ifunguliwe mtambo ukizimwa, au ukiwa umekwisha kuzimwa na kupoa?"

"Umekwisha," mwalimu akasema, na sauti ikamtetemeka kwa furaha asiyoweza kuificha. "Umekwisha kuzimwa na kupoa. Tazama kitenzi."

Dada Spana aliondoa mkono kwenye valvu. Wakangoja nusu saa, mtambo ukapoa, naye akaomba asomewe ukurasa ule tena, polepole.