Mgongo wa Baban

Kwa miaka thelathini na mmoja Baban Gurav alikula kipigo cha mapolisi wa sinema za Mumbai, na sijui mtu aliyepigwa kwa ustadi kama yeye. Watazamaji hupiga mbinja kumshangilia polisi, kumbe ngumi ya polisi ni upepo mtupu. Anayepigwa ndiye anayeitengeneza. Akichelewa kuyumba kidogo tu, nyota mzima anaonekana anafukuza nzi.

Uso wake, hata hivyo, haukuwahi kuonekana. Katika filamu moja Baban hufa mara tatu, ghalani, bandarini na ghorofani, kila mara na shati jingine, na watu wakiiona sura watauliza: kwani huyu si tulishamzika? Kwa hiyo huanguka akiipa kamera mgongo. Ndiyo desturi ya kazi hiyo.

Mama yake, Anusuya, hakuwahi kwenda kumtazama. Mama gani hulipa kiingilio akaone mwanawe akipigwa? Lakini presha ya macho ilikuwa imeshamzima jicho moja, na sasa imeligeukia la pili.

"Majirani wanasema humo sinemani huonekani," alimwambia asubuhi moja akimmiminia chai. "Wananicheka. Nionyeshe sura yako mara moja tu, mwanangu, kabla hili nalo halijazima."

Baban, mwenye miaka hamsini na minane na goti bovu, alimwendea Masta Pervez, msimamizi wa mapigano.

"Masta, nipe kifo kimoja cha uso. Kisha nastaafu."

"Uzeeni ndio unataka urembo?" Masta akacheka, lakini alikubali. "Haya, kile cha dirishani. Itazame kamera, kisha nenda zako."

Siku yenyewe Baban aligusa sakafu, kisha paji la uso, kama afanyavyo kabla ya kila anguko. Nyota, kijana aliyebanwa kifua na sare ya polisi, alikuja mbio kumpiga teke. Akateleza. Baban alimwona anavyokwenda mzimamzima dirishani, na chini, ghorofa tatu, godoro lilipangwa kwa mtu mmoja anayejua kuanguka. Alikuwa na nafasi ya jambo moja tu. Akaipa kamera mgongo, akamsukuma kijana kifuani arudi ndani, akapasua kioo peke yake.

Masta alimkuta godoroni.

"Nisamehe, bwana. Kioo kilikuwa hicho kimoja, hatuwezi kurudia, na picha imetoka safi mno."

"Yule kijana ni mzima?" Baban aliuliza.

"Mzima."

"Basi."

Lakini moyoni hayakuisha. Ndani ya treni ya kurudi nyumbani alilia, akijifanya vumbi limemwingia machoni.

Filamu ilipotoka hakuthubutu kumwambia mama yake ukweli. Alimpeleka onyesho la mchana, wakaketi safu ya mbele kabisa. Ghalani, mtu wa shati jekundu alirushwa juu ya mapipa. Kiwiko cha mama kikamgusa.

"Wewe huyo."

Bandarini, mtu wa shati la mistari alitumbukia majini.

"Na huyo."

Kioo cha dirisha kilipopasuka, ukumbi mzima ulisimama kumshangilia polisi. Mama alibaki ameketi, kichwa amekiinamisha upande wa jicho zima.

"Mama, umenijuaje? Sura haionekani."

"Mgongo huo nimeusugua mimi tangu haujajaa kiganja. Sura ni ya kuwaonyesha majirani. Yule polisi alikuwa anaanguka. Ukamrudisha."

Miezi yote ile hakuna mtu aliyekuwa amelitaja hilo.

Mama akapapasa sakafuni kutafuta viatu vyake. Polisi alikuwa bado ana majambazi kumi wa kumaliza.

"Twende nyumbani," alisema. "Wangu ameshakufa. Hao waliobaki wana mama zao."