Mbegu Niliyoila Bugarama

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, ofisi yetu ya kilimo ilinituma kutoka Shinyanga kwa kazi mbili: kutafuta gunia la mbegu ya mpunga inayostahimili jua, na kuwafundisha wakulima kuchagua mbegu. Kwamba mkulima ni mwanamume hakuna aliyeniambia. Ilichapwa tayari kwenye fomu: "Jina la Bwana."

Jumatatu asubuhi nilipanda gari moshi hadi Isaka, kisha nikakaa juu ya magunia ya chumvi kwenye lori hadi Bugarama. Sehemu iliyobaki nilitembea, nikipita mbuga nyeusi iliyokatwa majaruba, vitalu vya mpunga vyenye kingo za udongo. Wanawake walikuwa wakipura na kupepeta mpunga. Niliwasalimu haraka haraka, maana nilikuwa nachelewa kuonana na wakulima.

Mwenyeji wangu, Baba Masalu, alisifika kwa mpunga kuliko mtu yeyote wa upande ule. Mkewe alikuwa ameenda msibani kwao. Alasiri alinikusanyia wanaume kumi na wawili, nikawahubiria mbegu mpaka sauti ikakauka. Nilipowauliza wao huihifadhi vipi, Baba Masalu alijibu kwamba majaruba ameyachimba yeye, mpunga ni wake, na mbegu ipo. Ilipo anajua mama. Hakuna aliyecheka. Nikaandika jina lake.

Jioni alisema mgeni wa serikali hawezi kulala na ugali. Kwao mume hafungui kihenge cha chakula kama mkewe hayupo, na Baba Masalu ni mtu wa heshima, hakukigusa. Badala yake alimwagiza mkwewe, mke wa mwanawe Masalu, atwange masuke ya mpunga yaliyofungwa kwenye uchaga juu ya mafiga, meusi kwa masizi. Mkwe habishani na baba mkwe. Alisimama nyuma ya mlango akasema kwa sauti ndogo, mara moja tu, "Ule ni wa mama."

Baba Masalu alijibu kwamba kila kitu humo ndani ni cha mama, hata yeye mwenyewe. Nilicheka. Kisha, kwa ualimu wangu, nikamweleza yule binti kwamba mbegu bora hung'aa. Mpunga wenye masizi ni wa kula tu. Tukala.

Kesho yake mchana Mama Masalu alirudi, akaingia jikoni, akatoka, akaketi chini. Masuke yale ndiyo yalikuwa mbegu: aliyachagua moja moja shambani kabla ya mavuno, akayapandisha kwenye moshi ili wadudu fukusi wasiyaguse. Mpunga wa kihenge ulikuwa mchanganyiko wa aina tatu, kila moja na siku yake ya kuiva. Mvua ikinyesha, nyumba ile haikuwa na cha kupanda. Niliona aibu ambayo sijaiona tena.

Nilimwamkia. Aliitika, kisha akaniuliza, "Bwana Shamba, si ulikuja kutafuta mbegu? Uliionaje, chumvi ilitosha?"

Siku ya tatu alitembea hadi kwa binti yake aliyeolewa kijiji cha jirani, kwa kuwa binti wa pale haolewi bila kupewa mbegu ya mama yake. Alirudi na kifungu kimoja. Majaruba yalikuwa matano, mbegu ya jaruba moja. Baba Masalu alikitazama kile kifungu kama mtu anayetambulishwa kwa mtoto wake mwenyewe.

Niliomba japo konzi moja.

"Una mke?" Mama Masalu aliuliza.

"Ninaye."

"Mlete yeye. Wewe nikikupa utaipika."

Nilirudi Shinyanga na gunia tupu, nikiwa nimejifunza kwamba mtu anaweza kuwa na jaruba, mpunga na jina kwenye fomu, asijue mbegu iko wapi. Nyumbani nilimsimulia mke wangu yote. Hakucheka. Alianza kufunga kanga zake kwa safari, na swali lake lilikuwa moja: nilikula sahani ngapi?

Nikamwambia ukweli. Mbili, na ukoko.