Kidonge Kinachomezwa kwa Kusimama

Saa kumi na mbili asubuhi, Justa Mihayo amesimama kando ya chanja lake la kuanikia mapanki ufukweni Ilemela, mkono mmoja kwenye nguzo. Wenzake wameshainama, wanapanga mifupa ya sangara jua lisije likawawahi. Yeye hainami, haketi, wala hagusi uji wake unaopoa. Amemeza kidonge kwa maji matupu, na kwa nusu saa nzima lazima abaki wima bila kula.

"Mama Shigela, simama vizuri," Evelina, jirani yake wa chanja, anamtania Justa kwa jina la mwanawe. "Tusije tukakuanika na wewe."

"Anikeni tu. Nyama yenyewe haipo, mtapata hasara."

Justa ana miaka hamsini na sita. Tangu viwanda vya samaki vilipofunguliwa Mwanza, minofu hupanda ndege kwenda Ulaya, na mifupa inayobaki, ndiyo mapanki, huwafikia kina mama kama yeye. Huikausha, huikaanga, huiuza. Kwa miaka sita Justa aliibeba kichwani, beseni kwa beseni, kutoka lori linapomwaga.

Mwaka jana, 1997, mvua kubwa zilipoanza, alijitwisha beseni akasikia kitu mgongoni. "Kama kijiti kikavu," anasema. Hakuanguka. Aliufikisha mzigo, akautua, ndipo akashindwa kunyooka. Jumapili iliyofuata gauni lake la kanisani, lililokuwa likimwishia kwenye vifundo vya miguu, likawa linaburuzika chini.

Picha ya hospitali ilionyesha pingili mbili za uti wa mgongo zimebonyea. Daktari alimweleza kuwa mifupa yake imeliwa kwa ndani, kama mti wenye mchwa. Alipokuwa na miaka thelathini na minane aliondolewa kizazi pamoja na vifuko vya mayai, vinavyotoa homoni za kulinda mifupa, na tangu hapo mifupa ikaanza kupungua kabla ya wakati. Daktari akamwandikia vidonge, kimoja kila siku. Akamsihi pia anywe maziwa, maana maziwa hujenga mifupa.

Dawa hiyo bado ni ngeni mjini, na chupa ya mwezi mmoja inazidi anachopata kwa miezi miwili. Kaka yake, Maige, mfugaji wa Misungwi, aliuza madume wawili, uzao wa ng'ombe wa mahari ya Justa.

"Walikuja kwa ajili yake," anasema Maige. "Waende kwa ajili yake."

Akaongeza na kibuyu cha maziwa kila wiki.

Hapo kosa likaingia. Nyumbani kwao, dawa kali haiendi tumboni peke yake. Huteremshwa kwa maziwa. Kwa miezi minne Justa alimeza kidonge kwa maziwa ya kaka yake, kisha akajilaza kupumzisha mgongo. Kifua kikawa kinamwunguza. Akaongeza maziwa. Siku moja akateleza kwenye magamba, akajizuia kwa mkono, nao ukavunjika.

"Shikamoo, mama," daktari alimsalimu alipomwona tena. "Ile dawa unaimeza na nini?"

"Marahaba. Na maziwa, kama ulivyosema."

Daktari alimweleza kosa lilipo. Maziwa hukifunga kidonge tumboni, mwili usikipate. Na anayelala mapema hukirudisha kooni, kikamwunguza.

"Nilisema maziwa," akamwambia. "Sikusema saa."

Akaisimamisha dawa mpaka koo lipone, kisha akaianzisha upya: maji kwanza, maziwa baadaye sana.

Maige hamlaumu mtu. "Dume mmoja, dawa ya miezi minne, tulimyeyusha kwenye kibuyu," anasema, na kuangalia pembeni.

Mkono umeunga, lakini umepinda. Mwenye eneo wanapoanikia amempa Justa muda mpaka kiangazi kiishe: asipoweza kubeba, nafasi yake itapewa mwingine. Evelina humbebea mabeseni mawili kila asubuhi, na Justa humgeuzia mapanki yake. Mwenye eneo ameliona hilo, hajalizuia.

Anachopanga sasa ni kuliinua chanja lake hadi usawa wa kiuno, ili asiiname. Miti ameshaipata. Wenzake wanacheka kwamba anajenga dari.

Dawa, kama alivyoambiwa, hainyooshi mgongo uliokwisha kupinda. Inaweza tu kuzuia pingili nyingine isibonyee. Kiangazi kikiisha atapigwa picha ya pili.

"Sidai wanirudishie kimo changu," anasema Justa. "Nakitaka hiki kilichobaki. Kwa hiki bado nalifikia chanja."