Mfuko wa Pili wa Hopsi

Mimi ndiye niliyetaka iwe nyekundu. Binti yangu alipendekeza bia ya rangi ya dhahabu, kwa kuwa ni rahisi kwa anayeanza, nikamwambia nataka rangi ya udongo wa kwetu bara. Hapa kisiwani, Kiegeani, nilikofundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, kila unapokanyaga ni mchanga mweupe. Akacheka. Akasema basi tutaongeza shayiri iliyokaangwa, kiganja kimoja tu, ikizidi bia itakuwa nyeusi na ladha ya majivu.

Kicheko kile nilikuwa sijakisikia kwa miaka. Alipoacha kazi ya benki akaenda kupika bia kwenye kiwanda kidogo Dar es Salaam, nilimwambia kuwa marehemu mama yake angeona haya kumtaja kanisani. Tangu hapo alinipigia kila Jumapili kwa adabu kamili: shikamoo, marahaba, mvua imenyesha, basi. Jumapili moja, kwa kukosa la kusema, nikamuuliza kama mtu anaweza kupika bia nyumbani. Simu ile iliendelea mpaka chaji ikaniishia.

Ndivyo tulivyoanza kutunga mapishi yetu. Alitaka kimea chenye utamu wa sukari iliyoungua, na juu yake hopsi nyingi, yale maua makavu ya kijani yanayoipa bia uchungu na harufu. Nilipomwambia maji ya kisima changu yana chumvi, akasema yatafanya uchungu ukwaruze koo, nitafute ya mvua. Nikaenda na ndoo kwa jirani yangu, bibi mwenye tenki kubwa kuliko sote mtaani.

“Chukua, mwalimu,” alisema. “Ila unafanyia nini usiniambie, nisije nikaulizwa kesho akhera.”

Mzigo wa binti yangu ukafika: kimea kilichosagwa, hamira, na mifuko miwili ya hopsi. Maelekezo alinirudia kama mimi nilivyokuwa nikiwarudia wanafunzi. Mfuko wa kwanza uchemke pamoja na togwa ya kimea. Wa pili usione moto kabisa, isije ikapotea harufu yake ya machungwa. Utiwe kwenye ndoo povu likishatulia, ukae humo siku chache kwenye bia iliyopoa.

“Huo wa pili ndio bia yenyewe, baba,” alisema. “Bila huo tumepika maji machungu.”

Siku ya kupika, togwa ilikuwa inatokota nami nimesimama na mfuko wa pili mkononi. Maisha yangu yote ya ualimu nilihimiza watoto wachemshe maji, wachemshe maziwa. Nikayatazama yale maua na vumbi lake la manjano, nikaona haiwezekani yakaingia hivihivi kwenye kinywaji cha watu. Nikayamwaga yote sufuriani. Simu ilikuwa mfukoni. Sikumpigia, kwa sababu nilijiona najua.

Jumapili mbili baadaye akaniuliza kama nimeshatia ule wa pili. Nikasema nimetia. Akauliza harufu ikoje. Nikasema nyumba nzima inanuka maganda ya machungwa, na nikaendelea, nikaongeza na maembe, kwa jinsi alivyokuwa akifurahi. Akaniambia atachukua likizo aje tuinywe pamoja.

Alikuja. Nikafungua chupa, akamimina, akainua glasi kwenye mwanga wa dirisha, na kwa kweli ilikuwa nyekundu kama njia ya kwetu baada ya mvua. Akatabasamu. Kisha akainusa. Akanywa kidogo, akaiweka mezani.

“Mfuko wa pili uliutia lini, baba?”

“Siku uliyoniambia.”

“Na yale machungwa?”

Hapo mlango ulikuwa bado wazi. Ningeweza kusema. Nikamjibu kwamba labda joto la huku limeyamaliza.

Hakukasirika. “Ungeniambia umeuchemsha ningecheka,” alisema. “Tungepika nyingine.” Akanyanyuka, akaosha glasi zote mbili, yangu ikiwa bado haijaguswa. Alikuwa amepanga kukaa wiki. Kesho yake asubuhi akapanda ndege.

Baadaye nilimpigia nikamwambia yote, la mfuko na lile la mama yake pia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema yamekwisha, baba, usijisumbue, kwa sauti aliyokuwa akiwasemeshea wateja wa benki. Nikamuuliza kama tunaweza kujaribu tena. Akasema kazi zimembana, tutaona.

Chupa zilizobaki ziko chini ya kitanda. Siku nyingine hufungua moja nikainusa, nikiwa najua harufu haimo. Ni chungu tu, inabaki ulimini mpaka usiku. Jirani huniuliza kama sihitaji tena maji, namwambia ninayo ya kutosha.

Jumapili bado anapiga. Shikamoo, baba. Marahaba. Mvua imenyesha? Namwambia imenyesha.