Niliyemkumbatia Uwanjani

Kabla hamjasikia kwa watoto wa hapa Ihanja, bora niseme mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Juzi niliwapeleka wanafunzi wangu uwanjani tucheze mchezo wa kuaminiana: unafungwa kitambaa machoni, unatembea, ukijikwaa wenzako wanakudaka. Aliyekudaka unamkumbatia. Nilitaka wajue kwamba anayeanguka hayuko peke yake. Kwa kimbelembele changu, nikaanza mimi.

Nilitembea kwa mbwembwe mpaka nikajikwaa kwenye jiwe. Mikono ikanidaka. Nikakumbatia kwa nguvu zangu zote.

"Asante, mwanangu! Mmeona rafiki wa kweli?"

Kimya. Nikadhani somo limewaingia, nikakaza zaidi.

Ndipo darasa zima likaamkia kwa adabu, "Shikamoo, bibi!"

Nikavuta kitambaa kwa mkono mmoja. Alikuwa mama mkwe wangu, aliyekuja kutuletea kuku. Na kwetu mkwe hata mkono hapewi! Kuku alishatokomea kwenye alizeti. Rehema, mwanafunzi wetu mgeni ambaye hakuwahi kucheka tangu ahamie, alikuwa amejitupa chini, anacheka na wenzake.

"Baba Anjela," mama mkwe akasema, akitazama pembeni, "sasa si uniachie?"