Ng'ombe wa Nazira

Nazira hakuwahi kufuga hata kuku. Alikuwa mjane, mpangaji wa chumba kimoja huko Gujranwala, na kazi yake ilikuwa kulisha bati kwenye mashine ya kubonyeza sahani. Mashine ile ilikuwa na wavu wa kinga. Haji Tufail, mwenye karakana, aliamuru ung'olewe kwa kuwa eti unachelewesha kazi, ukatundikwa ukutani. Haukupita muda, mashine ikala vidole vinne vya mkono wa kulia wa Nazira.

Hospitalini, msimamizi wake Latif, ambaye pia ni jirani yake, alimjibu daktari kabla Nazira hajafungua mdomo. "Kakatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Nyumbani." Kisha akamnong'oneza, "Dada, ukiitaja karakana itafungwa, sote tulale njaa. Haji atakutunza maisha."

Nazira akaitikia kwa kichwa. Jamani! Mtu kakatwa vidole, bado anawahurumia waliomkata.

Haji alileta kikapu cha machungwa. Hakuonekana tena.

Ndipo Nazira akaenda ofisi ya kazi kudai fidia. Alikuwa na jambo moja tu moyoni: bintiye Kausar amalize shule, asiikaribie mashine ile. Afisa akasoma maneno ya daktari.

"Mama, si ulisema ni majani ya ng'ombe?"

"Ng'ombe gani, bwana? Muulize Latif, alikuwepo."

Latif akaitwa, akaja. Hakumtazama Nazira. "Ng'ombe alikuwa naye, bwana. Mweusi. Kamuuza baada ya ajali. Maziwa yake nimeyanywa mwenyewe."

"Kaka Latif," Nazira akasema, "basi niambie nilimuuzia nani, nikadai hela zangu. Maana sijaziona."

Afisa akacheka kidogo, akafunga jalada. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kodi ilipowashinda, Nazira mwenyewe ndiye aliyempeleka Kausar karakana. Latif akampokea binti kwa upole, akamkalisha kwenye kiti kilekile. Wavu ulikuwa bado ukutani, umeota kutu.

"Latif, nakuomba kwa jina la Mungu, urudishe wavu."

"Dada, unachelewesha kazi."

Mashine ikaanza kugonga. Nazira akabaki mlangoni, akivihesabu vidole vya mwanawe kila vilipotoka.